Mombasa mpaka Unguja kwa ndege ni umbali gani? Piga hesabu mwenyewe kwa simu na kikaratasi

Swali hili naulizwa sana nyumbani, haswa msimu wa harusi ukikaribia na kila mtu ana jamaa Unguja wa kumuendea. Ati kutoka Mombasa mpaka Zanzibar kwa ndege ni mbali kiasi gani? Mtu akitafuta kwenye simu anapata 133, akifungua kwengine anapata 153, kwengine tena 246, basi anachanganyikiwa anaona lazima kuna mmoja mwongo. Hakuna mwongo. Namba zote 3 ni umbali mmoja huohuo, ya kwanza ni maili za baharini, ya pili ni maili za kawaida za barabarani, ya tatu ni kilomita. Wenye kuandika hawakusema wanapima kwa kipimo gani, ndio shida ilipo.

Nataka nikuonyeshe jinsi ya kuupata huo umbali mwenyewe, bila kumtegemea mtu, manake mimi nilijifunza baada ya mamangu kuteseka. Alikuwa anakwenda Unguja kwa dadake, ejenti mmoja akamkatia tiketi, yeye akashukuru akaondoka zake, kumbe ile safari inapitia Nairobi na kule anangoja masaa na masaa kabla ya kupanda ndege ya pili. Alitoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri, akafika kwa dadake magharibi imeshaadhiniwa, miguu imemvimba. Akanipigia simu usiku ule akaniambia, "Mwanangu, kwani Unguja ni mbali hivi? Babako alikuwa akenda na jahazi na akirudi hata hachoki." Nilisikitika sana manake mimi ndiye niliyekuwa na simu yenye intaneti na sikumuangalilia. Tangu siku hio hakuna tiketi inayokatwa kwetu kabla sijapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni dakika 5 tu.

Kitu cha kwanza, jua unapima kutoka wapi mpaka wapi. Watu wengi hapa ndipo wanapoharibu mapema kabisa. Ukisema Mombasa, mji wenyewe ni kisiwa, Old Town, Makadara, Tudor, Ganjoni, kote huko umezungukwa na maji, lakini ndege hairuki kutoka kisiwani. Uwanja wa Moi uko Port Reitz upande wa Changamwe, yaani bara, ushavuka Makupa. Kwaivo safari ya ndege ya kwenda kisiwani kwetu sisi inaanza kwa kutoka kisiwani kwenda bara. Na ukisema Zanzibar napo kuna mambo, manake Zanzibar si kisiwa kimoja, kuna Unguja na kuna Pemba, na Pemba iko karibu zaidi na sisi kuliko Unguja, karibu nusu ya njia. Nimeona mtu anabishana na mwenzake umbali wa Zanzibar nusu saa nzima, mmoja anapima mpaka Chake Chake mwengine anapima mpaka mjini Unguja, na wote wako sawa. Kwahivo andika jina la uwanja, usiandike jina la mji. Moi, Mombasa. Abeid Amani Karume, Unguja. Au kama ni Pemba, ule uwanja wa Chake Chake.

Sasa fungua ramani kwenye simu, Google Maps inatosha, uvute mpaka uone barabara ya kurukia ndege, alafu weka kidole juu yake ukishikilie mpaka pini nyekundu idondoke. Ukiidondosha itakuletea namba mbili. Kwa Moi utaona kama -4.035, 39.594. Kwa Unguja utaona kama -6.222, 39.225. Usizitishike. Ya kwanza ni latitudo, inakwambia uko umbali gani kutoka ikweta, na ile alama ya kutoa mbele yake maana yake uko kusini mwa ikweta. Ya pili ni longitudo, inakwambia uko mashariki kiasi gani.

Hizo namba ni digrii, na digrii 1 inagawanywa dakika 60, sawa na saa. Na hapa tafadhali kuwa makini sana manake ndipo makosa yanapoingia: -6.222 si digrii 6 na dakika 22. Unachukua ile .222 peke yake unazidisha mara 60, unapata 13. Kwaivo ni digrii 6 na dakika 13 kusini. Ukisoma vibaya hapo ushakosea maili 9 na hujaanza kitu. Tukizibadilisha zote tunapata Moi digrii 4 dakika 2 kusini, digrii 39 dakika 36 mashariki, na Unguja digrii 6 dakika 13 kusini, digrii 39 dakika 13 na nusu mashariki.

Kwa nini nahangaika na dakika wakati simu imenipa namba ya desimali tayari? Hapa sasa ndio utamu wenyewe. Dakika 1 ya latitudo ni maili 1 ya baharini. Haikuja kwa bahati, maili ya baharini ilitengenezwa hivo makusudi, dunia nzima kuizunguka ni digrii 360, kila digrii dakika 60, jumla dakika 21,600, na ndio maili 21,600 za baharini kuizunguka dunia. Mwaka 1929 kwenye mkutano wa wapima bahari kule Monaco wakakubaliana kwamba maili hio iwe mita 1,852 kamili. Ndege zilipokuja zikachukua kipimo kilekile cha meli, na mpaka leo rubani anahesabu safari yake kwa maili za baharini, sawa na nahodha.

Mimi haya sikuyasoma shule, nilifundishwa na ami yangu ambaye alifanya kazi ya bahari miaka mingi. Alikuwa na chati moja kuukuu ya pwani yetu, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe, akaitandaza juu ya mkeka barazani, akaiwekea viatu kwenye pembe ili upepo usiibebe. Bikari hakuwa nayo siku ile. Akavuta chelewa moja kwenye ufagio, akaweka ncha yake Mombasa, akailaza mpaka Unguja, akaivunja kwa kucha palepale ilipofika. Alafu ile chelewa akaisogeza pembeni mwa chati, kule kwenye namba za latitudo zinazopanda na kushuka, akaisimamisha wima na kuhesabu kwa kidole dakika moja moja mpaka mwisho wa chelewa. Akasema, "Maili mia na thelathini, basi." Nikamuuliza mbona hakuhesabu kwa zile namba za juu ya chati, akaniambia za juu usiziguse mwanangu, kipimo ni cha pembeni peke yake. Baadae ndio nikaelewa kwa nini: mistari ya longitudo inakaribiana kadri unavyokwenda mbali na ikweta, mwisho inakutana yote nchani mwa dunia, kwahivo dakika ya longitudo haina urefu mmoja kila mahali. Ya latitudo inakaa vilevile. Kama una atlasi nyumbani jaribu hio njia ya chelewa, au uzi, inafanya kazi vizuri kabisa. (Ami alipata 130 na si 133 manake alipima bandari kwa bandari, si uwanja kwa uwanja.)

Turudi kwenye hesabu yetu. Toa latitudo kwa latitudo: digrii 6 dakika 13 toa digrii 4 dakika 2, inabaki digrii 2 dakika 11. Digrii 2 ni dakika 120, ongeza 11, unapata 131. Hio ni maili 131 kwenda kusini. Longitudo sasa: 39 na 36 toa 39 na 13 na nusu, inabaki 22 na nusu, tuseme 22, hizo ni kwenda magharibi. Yaani Unguja kutoka kwetu iko kusini karibu moja kwa moja, imeelemea magharibi kidogo tu.

Alafu chora pembetatu. Upande mmoja 131, upande wa pili 22, na wewe unataka ule mstari wa mshazari unaounganisha. Ni ile kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa shule tukawa twauliza itatusaidia nini. 131 mara 131 ni 17,161. 22 mara 22 ni 484. Jumlisha, 17,645. Fungua kalkuleta, bonyeza ile alama ya kipeuo, √, utaona 132.8. Maili 133 za baharini, ndio hizo. Zidisha kwa 1.852 upate kilomita, zinakuja 246. Zidisha 133 kwa 1.15 upate maili za kawaida, 153. Zile namba 3 za mwanzo zote zimerudi, na umezitoa mwenyewe.

Mtu atasema mbona kuna kitufe cha kupima umbali kwenye hiyohiyo ramani ya simu. Kipo, na kitumie, kinasaidia kuhakikisha. Lakini ukijua hesabu unaweza kukamata kosa, na makosa yapo mengi, mtu anaweka pini katikati ya mji badala ya uwanja, au simu inakupimia njia ya gari wewe unadhani ni ya ndege. Njia moja ya kujihakikishia ni kulinganisha na umbali wa ardhini ambao unaujua. Kwa mfano Mombasa Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko digrii 1 dakika 19 kusini, digrii 36 dakika 56 mashariki. Ukipiga unapata 163 upande mmoja na 160 upande wa pili, mshazari wake maili 228, ambazo ni kilomita 423 hivi. Reli ya SGR kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 472. Angani pafupi kuliko relini, sawa, inaingia akilini. Siku ukipata umbali wa angani umezidi wa ardhini, jua umekosea mahali, rudi mwanzo.

Pemba nitaipita haraka: 73 kusini, 13 mashariki, jibu maili 74, kilomita 137. Moroni kule Ngazija ni 450 kwenda kusini na 220 mashariki, inakuja maili 500 na ushee, kilomita 930 hivi. Ukitazama utaona Ngazija ni karibu mara nne ya Unguja, na watu wengi hapa Mombasa wanadhani Ngazija ni hapo tu mbele ya Unguja. Si hapo tu.

Visiwa vya mbali zaidi ndio vinahitaji kitu kimoja cha ziada. Nilisema longitudo zinakaribiana ukienda mbali na ikweta, kwahivo zile dakika za mashariki lazima uzipunguze kidogo. Unachukua latitudo ya katikati ya safari yako, unabonyeza cos kwenye kalkuleta, alafu jibu lake unazidisha na dakika za longitudo. Sisi watu wa pwani hii tumebahatika kwelikweli, manake tuko karibu mno na ikweta, cos ya digrii 5 ni 0.996, ukizidisha 22 kwa hio bado ni 22. Haibadiliki. Mtu wa Ulaya hawezi kuacha hii hatua, wewe wa Mombasa ukienda Unguja unaiacha na hupotezi kitu.

Shelisheli iko mashariki yetu karibu moja kwa moja. Uwanja wa Mahé uko digrii 4 dakika 40 kusini na digrii 55 dakika 31 mashariki, kwaivo kusini ni dakika 38 tu lakini mashariki ni 955. Zidisha na cos, inakuwa 952. Mshazari ni maili 953, kilomita 1,765. Morisi napo ni 984 kusini na 1,085 mashariki, latitudo ya katikati kama digrii 12, cos yake 0.978, zile 1,085 zinashuka mpaka 1,061, jibu maili 1,447. Kompyuta inayochukua dunia kama mpira wa mviringo inatoa kama 1,443. Tumepishana maili 4 katika safari ya maili elfu na kitu, kwa kalamu na kikaratasi, mimi naona ni kitu cha kujivunia. Ila usiende nayo hii mpaka Marekani au Japani, huko mviringo wa dunia unakuwa mkubwa, pembetatu yetu bapa haiwezi tena, tumia kompyuta.

Jambo jengine la kuchunga ni visiwa vilivyo ng'ambo ya ikweta. Maldivi kwa mfano, uwanja wa Malé uko digrii 4 dakika 11, lakini kaskazini, hauna ile alama ya kutoa mbele. Hapo hutoi, unajumlisha. 4 na 2 ya kwetu kusini, ongeza 4 na 11 ya kwao kaskazini, digrii 8 dakika 13. Ukitoa utapata kama Malé na Mombasa ziko latitudo moja, utakosea bila kujua. Jibu sahihi ni kama maili 2,100, karibu kilomita 3,880.

Umbali ushaupata, sasa muda. Gawanya maili kwa mwendo wa ndege. Vile vindege vidogo vya injini moja kama Cessna Caravan vinakwenda kama maili 170 za baharini kwa saa, ndege za mapanga mawili kama ATR 72 zinakwenda kama 275, na jeti kama Boeing 737 kama 450. Unguja maili 133 gawanya kwa 275, karibu nusu saa. Kwa Caravan ni dakika 47. Alafu ongeza dakika 15 hivi za kuruka, kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani, hizo hazikwepeki. Ndio maana jeti haikusaidii sana safari fupi kama hii, kabla haijamaliza kupanda ishaanza kushuka.

Na usisahau upepo. Watu wa pwani sihitaji kuwaeleza kusi na kaskazi, jahazi zote za mababu zetu zilikwenda na kurudi kwa hizo pepo mbili. Ndege nayo inausikia upepo, ingawa upepo wa kule juu si lazima ulingane na huu unaotupiga barazani. Caravan inayokwenda 170 ikikutana na upepo wa mbele wa maili 20, inakwenda 150 kwa ardhi, dakika 47 zinakuwa 53. Ikirudi na upepo huohuo ukiwa nyuma, inakwenda 190, inakuwa dakika 42. Njia ni ileile, umbali ni uleule, na tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika 11. Kwahivo ukiona tiketi inaandika muda tofauti wa kwenda na wa kurudi usidhani wamekosea.

Kuna kitu kingine nimekigundua kwa kutazama namba za viwanja. Njia ya kurukia pale Moi inaitwa 03 upande mmoja na 21 upande wa pili. Ukiongeza sifuri unapata mwelekeo, digrii 30 na digrii 210. Ya Unguja ni 18 na 36, yaani kusini 180 na kaskazini 360. Na safari yetu kutoka Mombasa kwenda Unguja mwelekeo wake ni kama digrii 190. Ndege inaruka na kutua ikiukabili upepo, basi siku za kusi inaruka kwa 21 ishaelekea Unguja tayari, inanyoosha, inafika inatua kwa 18 bila kuzunguka. Siku za kaskazi ni kinyume, inaruka ikiangalia Kilifi, inageuka, inafika Unguja inaupita uwanja mpaka kusini yake alafu inarudi kutua kwa 36. Zile dakika chache za ziada zinatoka hapo. Mimi nilipolielewa hili nilifurahi, manake nilikuwa nikikaa dirishani naona tumeupita mji, naona Forodhani ile imebaki nyuma, roho inanidunda nadhani kuna kitu.

Tuje kwenye tiketi, ambayo ndio iliyonifanya niandike yote haya. Ndege za moja kwa moja ratiba zake hubadilika, kuna msimu zipo za kutosha na kuna msimu ni za kutafuta, kwaivo utauziwa safari ya kupitia mahali. Kabla hujalipa, piga umbali wa kila kipande uujumlishe. Mombasa Nairobi ni 228. Nairobi Unguja ni 325. Jumla maili 553, kwa mtu ambaye anakokwenda ni maili 133. Zaidi ya mara nne. Na ukitazama ramani kipande cha kwanza kinakupeleka kinyume kabisa, unakwenda kaskazini magharibi wakati Unguja iko kusini. Hio ndio safari aliyopewa mamangu. Kupitia Dar ni 173 mpaka Dar, alafu 40 kurudi juu mpaka Unguja, jumla 213. Na ukishafika Dar hata boti ya kuvuka ipo. Sisemi kupitia Nairobi ni haramu, pengine ndio bei nzuri na pengine siku hio ndio ndege pekee, kijana mwenye begi la mgongoni haimdhuru. Lakini mzee mwenye miaka 70 na maradhi ya miguu umkalishe kwenye viti vya kungojea masaa 5 kwa safari ya nusu saa, na hujamwambia kabla, hilo si sawa. Muulize ejenti maswali mawili tu: hii ndege inatua wapi kabla ya kufika, na nangoja hapo masaa mangapi. Akijibu, unayo karatasi yako ya maili mbele yako, amua mwenyewe.

Angalia na saa pia. Tiketi inaandikwa saa ya kila mji wenyewe. Unguja, Pemba, Ngazija, wote saa moja na sisi, hakuna tabu. Shelisheli na Morisi wako mbele yetu kwa saa 1. Tuseme ndege inaondoka Mombasa 10:00 na imeandikwa kufika Mahé 13:30, ukitoa unapata saa 3 na nusu, lakini kweli umekaa hewani saa 2 na nusu, na hio ndio inayolingana na maili 953 za jeti. Kurudi itaandikwa 10:00 mpaka 11:30 na mtu atashangaa imekuwaje kurudi ni saa 1 na nusu. Na kwa wazee wetu wanaosoma saa ya Kiswahili, tafadhali kaa nao uwaandikie kwa mkono: 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja usiku. Namjua mtu aliyefika uwanjani saa saba mchana kwa ndege ya 07:00, na tiketi ikawa imekwenda hivohivo.

Ukipata ya moja kwa moja mchana, kwenda Unguja omba dirisha la kushoto. Mwanzo utaona Diani na mchanga wake, Wasini itakuwa upande wa kulia karibu, alafu baada ya hapo kushoto kwako Pemba yote imelala, kijani kilichokolea, mikono ya bahari imeingia ndani ya kisiwa kama vidole. Kulia ni pwani ya Tanga na Pangani kwa mbali. Mstari wetu wa digrii 190 unaingia Unguja kwa pale Nungwi, ncha ya kaskazini, na maji ya pale yanabadilika rangi ghafla kutoka samawati ya kina kwenda kijani cheupe juu ya mchanga. Mamangu safari yake ya pili alikaa upande huo, na nilikuwa nishamuandikia kwenye kikaratasi dakika ya ngapi ataona nini.

Sasa jaribu moja peke yako kabla hujafunga. Chukua uwanja wa Manda kule Lamu, ambao nao uko kisiwani na ukishatua unavuka kwa boti mpaka Lamu yenyewe. Namba zake ni digrii 2 dakika 15 kusini, digrii 40 dakika 55 mashariki. Toa, zidisha, jumlisha, bonyeza kipeuo. Utapata 107 upande mmoja, 79 upande wa pili, na mshazari wake ni maili 133. Nilipoipata mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea, lakini ndio hivo, kwa ndege Mombasa iko katikati, Lamu upande huu na Unguja upande ule, umbali uleule mmoja.